Tupeane uzoefu: "borrow" ilikuangusha wapi?

Nianze mimi, nilikuwa darasa la tano hapa Kondele. Nilimwendea mwalimu wa Kiingereza nikasema, "Teacher, borrow me your pen." Akanitazama. Akaniwekea kalamu kiganjani: "Mimi ndiye nime-lend." Akanifunga vidole juu yake: "Wewe ndiye ume-borrow." Kisha akainyakua, nikaandika kwa penseli hadi kengele.

Nawalaumu wa nyumbani. Kwa Kijaluo "holo" ni ya anayetoa na anayepokea. Kiswahili nacho: niazime jembe, nimeazima jembe, kitenzi ni kimoja. Ningejuaje? Leteni zenu.

Mwenye duka, Nakuru:
Mimi daftari la madeni nililiandika kwa Kiingereza, maringo tu. "I borrowed Mama Fulani sugar 2 kg." Mwisho wa mwezi mama akaja na bintiye wa kidato cha pili. Binti akapitisha kidole kwenye mstari ule, pole pole, akaguna. "Mama, hapa imeandikwa yeye ndiye alichukua sukari yetu." Wakacheka mpaka wateja wakatoka foleni kuja kusoma. Alilipa, lakini siku hizi naandika "amekopa", basi.

Mwalimu, Kakamega:
Mwenye duka amegusa penyewe. Watoto wangu huwa nawaambia washike kukopa na kukopesha: anayekopa ni "borrow", anayekopesha ni "lend". Borrow hufuatwa na "from", lend na "to". Wakati uliopita ni "lent", jamani, si "lended", hiyo naikuta kila muhula. Ila kuna pahali Kiswahili kinamshinda Mwingereza. Sufuria ya jirani unaiazima, kwa sababu itarudi ileile, na masizi yake. Unga unaukopa, maana ule ule haurudi tena, umeshakuwa ugali. Yeye vyote viwili ni "borrow".

Wa bodaboda, Mumias:
Mimi abiria aliniambia "borrow me your phone", nikampa. Kiingereza kilikuwa kibaya, lakini mbio zake zilikuwa safi.

Wa Kondele tena:
Pole sana ndugu 😂

Fundi cherehani, Kisumu:
Mimi nilivikwepa vyote viwili. Nasema tu, "Nisaidie na mia mbili." Shemeji alinisaidia mwaka jana. Mpaka leo hajui kama ilikuwa mkopo au zawadi, na mimi sijamuuliza.