Miwa yangu ya Muhoroni imetoa mkia mweusi

Mama Otis: Wadau, nimevuna mara moja tu. Sasa machipukizi yana kitu cheusi kileleni, chembamba kama mjeledi. Nikikigusa, vidole vinabaki na masizi. Nimekosea mbolea?

Mzee wa Chemelil: Si mbolea, mama. Hiyo ni kuvu, na huo unga ndio mbegu zake, upepo unazisambaza. Funika mkia kwa gunia kwanza, ndipo ung'oe shina zima na mizizi, uchome. Ukikata tu, kisiki kitachipua na ugonjwa uleule.

Nyar Koru: Vipande vya kupanda ulitoa wapi? Mimi nilipewa bure na jirani, nikalia.

Mama Otis: Kwa shemeji. Bure pia 😔

Mzee wa Chemelil: Haya basi. Safari ijayo tafuta vilivyolowekwa maji moto, nyuzi 50, kwa muda wa saa 2. Na shemeji akague shamba lake.