Tupeane uzoefu: uliujuaje upande sahihi wa sindano ya cherehani?

Mwalimu wa Mshono

Wapendwa mafundi na mnaojifunza, salaam.

Nafundisha ushonaji huku Morogoro, mwaka wa 11 sasa, na kila kundi jipya likija kilio cha wiki ya kwanza ni kilekile: "Mwalimu, cherehani inaruka mishono." Mara nyingi cherehani ni nzima, ila sindano imewekwa kinyume au uzi umetungwa kinyume. Naomba kila mmoja aeleze yaliyompata. Naanza mimi.

Nilipoanza kazi nilipokea sare 6 za shule, zinatakiwa Jumatatu asubuhi. Jumamosi sindano ikavunjika, nikaweka mpya. Kuanzia hapo ikawa inashika mshono mmoja inaacha miwili, uzi wa juu umelala tu kwenye kitambaa. Nikakaza, nikalegeza, nikatia mafuta, nikabadilisha uzi. Jioni nikaipakia kwenye bodaboda hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza cherehani. Hakufungua hata kifuniko. Alichomoa sindano, akanishika kidole gumba na kuiburuta taratibu kwenye ukucha wangu. "Unasikia mfereji?" Nikausikia, mfereji mwembamba ulioshuka kutoka kwenye shina, ile sehemu nene ya juu, hadi kwenye tundu. Akaigeuza. "Huku je?" Huku palikuwa laini, halafu karibu na tundu pakabonyea kidogo.

Akanieleza hivi, na mpaka leo ndivyo ninavyofundisha. Uzi huingilia upande wa mfereji mrefu na kutokea upande wa kibonyeo. Sindano ikishafika chini na kuanza kupanda, uzi hufanya kitanzi kidogo pale kwenye kibonyeo, na ndoano ya chini hupita ikakinasa kitanzi hicho. Ukiigeuza sindano, kitanzi kinatokea upande ambao ndoano haipiti. Hakuna cha kunaswa, ndiyo maana inaruka. Kukaza uzi hakuwezi kutibu hilo.

Sare nilizimaliza Jumapili usiku.

Mama Wawili

Shikamoo mwalimu. Mie nilikuwa na cherehani ya nyumbani, ile ya kutunga uzi mbele kwenda nyuma, ubapa wa shina unatazama nyuma. Nikanunua ya kiwandani, ya mtumba. Mkono ukishazoea, jamani! Nikatunga mbele kwenda nyuma, uzi ukawa unakatika kila baada ya hatua mbili. Hizi za mshono ulionyooka, mfereji unakaa kushoto, kibonyeo kulia, uzi unatungwa kushoto kwenda kulia. Na shina lake ni la mviringo, halina ubapa wa kukuongoza, kwa hiyo lazima uinamishe kichwa uangalie kibonyeo kimekaa kulia sawasawa, kisipinde hata kidogo.

Kosa langu la pili ni kuchanganya pakiti. Siku moja nilichukua sindano ya ile ya kiwandani nikaitia kwenye ya nyumbani. Ikaingia kirahisi, nikafurahi, kumbe inacheza ndani. Sasa nasoma pakiti kwanza: DBx1 ni za ile kubwa, HAx1 au 130/705H ni za nyumbani. Nimeziweka kwenye makopo mawili tofauti.

Fundi wa Madera, Mombasa

Mimi shida yangu haikuwa sindano, ilikuwa mguu. Nilikuwa natunga uzi mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, ukiwa chini. Dera linatoka juu safi, ukiligeuza chini kumejaa uzi umejisokota kama kiota cha ndege. Wiki nzima nalaumu bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nikainunulia na kasha jipya. Siku moja dada mmoja jirani dukani akaja, akainua mguu, akautoa uzi wote, akautunga upya, basi ikapona.

Mguu ukiwa chini, zile sahani mbili za kukazia uzi zimebanana, uzi hauingii katikati yake, unapita juu tu. Hakuna kitu kinachoukaza, kwa hiyo unaporomoka wote chini. Uzi ukijisokota chini, angalia uzi wa juu kwanza. Inua mguu, zungusha gurudumu kuelekea kwako mpaka mkono wa kuvuta uzi ufike juu kabisa, ndipo utunge. Na usisahau kupitisha uzi kwenye huo mkono.

Babu Cherehani

Wajukuu, kwa wenye macho kama yangu: kata uzi mshazari kwa mkasi mkali, usiukate kwa meno. Weka kikaratasi cheupe nyuma ya tundu. Na badala ya kulowesha uzi, lowesha tundu.

Mshona Jezi

Niongeze la kitambaa. Niliharibu jezi 4 za timu ya mtaani kwa sindano ya kawaida. Upande ulikuwa sahihi, utungaji sahihi, bado inaruka na inaacha vitobo. Kitambaa kinachovutika kinataka sindano ya ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzikata. Hasara ile niliilipa mwenyewe.

Namba nazo tuziangalie. Ile 90/14 maana yake sehemu nyembamba ya sindano, chini ya shina, ina unene wa milimita 0.90. Naitumia kwa kitenge na kanga. Shifoni naiwekea 70/10, jinzi 100/16 au 110/18.

Najifunza Bado

Mwalimu nimesoma yote. Sindano nimeipitisha kwenye ukucha, nimeigeuza, mguu nimeinua, nimetunga mbele kwenda nyuma. Bado inaruka. Ni ya nyumbani, na nina blauzi ya mama ya kwenda harusini kesho.

Mwalimu wa Mshono

Usihangaike mwanangu. Ichomoe, ilaze ubapa wake juu ya kioo, uichungulie kwa pembeni. Ukiona mwanga chini yake haulingani mpaka nchani, imepinda, itupe. Kama imenyooka, irudishe, isukume juu mpaka igote, na uishikilie hapohapo kwa kidole huku unakaza skrubu. Ikishuka kidogo tu, ndoano inapita mahali kitanzi hakipo. Halafu vuta uzi wa bobini uje juu, nyuzi zote mbili uzilaze nyuma ya mguu, uache kama sentimita 10.

Najifunza Bado

Ilikuwa haijagota! Nimechungulia kwa tochi ya simu, ilibaki nafasi kama ya punje ya mchele. Nimeisukuma, nimekaza kwa bisibisi. Mkono wa kulia wa blauzi umeisha, haujaruka hata mshono mmoja. Naingia wa kushoto.