Chatu wa mwanangu yuko wiki ya tatu hajala, naombeni ushauri

MamaWatatu_Ohio

Habari za jioni wapendwa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, na wanangu watatu. Kuna jambo linaninyima usingizi, na nyumbani hakuna wa kumuuliza. Kila nikipiga simu nikitaja nyoka, naambiwa nikamtupe.

Mwanangu mkubwa ana miaka 12. Tangu tuhame mtaa na kubadili shule mwaka jana amekuwa kimya sana. Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu alikuwa anahamia jimbo jingine, akawa anatafuta mtu wa kumwachia chatu wake. Si chatu wa kwetu wa kumeza mbuzi. Ni wale wadogo wa Afrika Magharibi. Akiogopa hujikunja duara na kuficha kichwa katikati, ndiyo maana Wamarekani wamempa jina la mpira. Mwanangu alipomwona aliniomba kama ambavyo hajawahi kuniomba kitu. Nikakubali. Amemwita Kitenge, kwa yale madoa yake ya kahawia na meusi.

Kitenge ana mwaka mmoja na nusu. Siku aliyofika tulimpima kwa mizani ya jikoni, gramu 412. Leo ni siku ya 19, ana 398, na hajala kitu. Mara nne tumempa panya wa kugandishwa aliyeyeyushwa. Anatoa ulimi, anamnusa, anageuka. Tumemweka kwenye tanki la kioo sebuleni, karibu na televisheni, ili asijione mpweke. Ana taa nyekundu ya joto, bakuli la maji, na gogo lenye uwazi huku na huku la kujifichia. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kinasoma nyuzi 29. Mwanangu anamtoa kila siku akirudi shule ili wazoeane. Usiku kucha anazunguka na kusukuma kioo kwa pua.

Juzi nimemkuta mtoto analia saa sita usiku mbele ya tanki. Anasema, "Mama, hanipendi." Je, anaumwa? Nimemweka vibaya? Niambieni hata kama kosa ni langu.

Bibi_Muheza

Mwanangu, pole. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi kaka yangu aligongwa shambani tukiwa watoto. Nimesoma ujumbe wako nikitetemeka. Lakini umeeleza habari ya mtoto, basi sikuambii umtupe. Niambie tu kitu kimoja: huyo nyoka ana sumu? Na hao wadogo zake wanalala wapi?

MamaWatatu_Ohio

Shikamoo bibi. Hana sumu kabisa, na tanki lina mfuniko wa kufuli. Mdogo wa mwisho ana miaka miwili, analala chumbani kwangu.

Kaka_wa_Toronto

Dada, nimefuga chatu wa aina hii miaka tisa, sasa ninao wawili. Vuta pumzi kwanza. Gramu 14 kati ya 412 hazifiki hata asilimia 4. Tunaanza kuhangaika akipoteza asilimia 10, na wako yuko mbali na hapo. Chatu hawa wanajulikana kwa kugoma kula. Mzima wa afya anaweza kukaa miezi bila kula, hasa majira ya baridi. Kwa hiyo ninavyoona mimi haumwi, anaogopa.

Fikiria anakotoka. Kule Ghana, Togo na Benin, mchana wake wote anaupitisha ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Kule ndani ni giza, ni finyu, kuna joto na unyevu, na ukuta unamgusa mwili kila upande. Huko kuguswa na ukuta ndiko kunakomwambia kwamba hakuna wa kumla. Sasa tazama tulichompa: kioo pande nne, taa juu ya kichwa, watu wanapita, televisheni inavuma. Nyoka hana tundu la sikio, lakini mtetemo anausikia kwa mifupa ya taya aliyoilaza chini. Lile gogo lenye uwazi pande mbili kwake ni kama barabara. Na kila alasiri unaingia mkono mkubwa kutoka juu, kama kucha za mwewe.

Mwambie kijana wako hivi, na umwambie kwa upole: upweke wa kibinadamu nyoka hana. Hahitaji kampani. Kusukuma kioo kwa pua ni kutafuta shimo la kuingia, wala hamkimbii yeye.

Fanyeni haya. Mhamisheni sebuleni, mpelekeni kwenye kona tulivu, mbali na dirisha. Zibeni pande tatu za kioo kwa nje kwa boksi au kitambaa kizito. Tafuteni maficho mawili yanayofanana, yenye mlango mmoja tu, ya kumtosha akiwa amejikunja huku mgongo unagusa paa. Moja liwe upande wa joto, jingine upande wa baridi. Hili la mawili msilidharau. Nyoka hatengenezi joto la mwili wake, analifuata. Akiwa na ficho moja tu upande wa baridi, itabidi achague kati ya kupata joto na kuwa salama, naye siku zote atachagua usalama. Atakaa baridini, tumbo halitafanya kazi, na hatakula.

Kile kipimajoto cha kubandika kinapima kioo, hakimpimi nyoka. Nunua cha kidijitali chenye waya, upime chini kabisa anapolala, pande zote mbili, pamoja na unyevu. Kisha uniletee namba. Na mpigie aliyekupa: alikuwa akimlisha nini hasa?

Nesi_wa_Wanyama_Leicester

Bibie, mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi kliniki ya wanyama hapa Uingereza. Ya kaka wa Toronto nayakubali yote. Mimi naongeza ya afya, ya nyoka na yenu.

Mtazame akipumua. Ukisikia mluzi au mkoromo, ukiona mapovu au kamasi mdomoni, au ananyanyua kichwa na kuacha mdomo wazi, usingoje wiki, mpeleke kwa daktari anayejua wanyama watambaao. Si kila daktari wa mbwa na paka anawajua. Angalia bakuli la maji: ukiona vidoa vyeusi vinaelea, ni utitiri, ndugu wa ule wa kuku. Macho yakiwa na ukungu wa buluu, anajiandaa kujivua gamba, na wengi wao hawali siku hizo.

Sasa mizani ya jikoni, naomba usiirudishe jikoni. Iwe ya Kitenge, nunua nyingine ya unga. Nyoka mwenye afya tele anaweza kubeba bakteria wa Salmonella bila kuonyesha dalili yoyote. Bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la vyombo, panya wake ayeyushwe ndani ya mfuko uliofungwa, na kila anayemshika anawe kwa sabuni. Huyo wa miaka miwili asimguse kabisa. Walio chini ya miaka mitano ndio wanaoumwa vibaya.

MamaWatatu_Ohio

Nimesoma jikoni nikiwa nimesimama, nikaenda kuiondoa mizani saa ile ile. Asanteni.

Kipimo kipya kimefika leo. Upande wa taa, chini kabisa, ni nyuzi 41. Upande wa pili 22. Unyevu asilimia 28. Matandiko ni vipande vikavu vya mbao. Na nimempata yule mwenzangu kwa simu: anasema Kitenge alikuwa anakula vipanya vidogo vyeupe, tena hai. Sisi tulikuwa tunampa panya mkubwa aliyekufa. Kumbe tumembadilishia nyumba, chakula na watu kwa siku moja.

Kaka_wa_Toronto

Ndiyo hapo, dada. 41 inaunguza, zima hiyo taa leo hii. Tafuta hita ya kauri isiyotoa mwanga, ili usiku uwe usiku, na lazima uiunganishe na themostati, kile kifaa cha kuizima joto likifika kiasi unachotaka. Bila themostati hakuna hita iliyo salama, wangu mmoja bado ana kovu la kuungua. Lenga 31 hadi 33 upande wa joto, 25 hadi 27 upande wa baridi.

Unyevu wa 28 unatokana na kipupwe. Hita ya nyumba inakausha hewa, hata sisi ngozi inapasuka. Yeye anahitaji 55 hadi 70, la sivyo gamba litamvuka vipande vipande na mapafu yatasumbuka. Toa hizo mbao. Wewe mtu wa Tanga makumbi ya nazi unayajua: kwenye maduka ya wanyama wanauza yaliyokatwakatwa, yamefungwa kama tofali. Tandaza unene wa vidole vinne, mwaga maji kwenye pembe ili yanywe kutoka chini, juu pabaki pakavu. Na mfuniko wa wavu funika theluthi mbili, pale pasipo na hita.

Halafu funga, umwache. Siku saba kamili. Hakuna kumshika, hakuna kumlisha. Kubadili maji tu, taratibu, basi. Sisi tumezoea mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata jembe lenyewe asilione.

Jaluo_Kisumu

Mama, kuna jambo nataka umwambie kijana. Kwetu Nyakach, kando ya Ziwa Victoria, chatu aliitwa Omieri, na wazee waliamini akija huleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 mmoja aliungua kwa moto, na habari zake zilifuatwa nchi nzima. Na huko Benin, mji wa Ouidah, kuna hekalu la chatu, tena wa aina hiyo hiyo ya Kitenge. Akiingia nyumbani kwa mtu hapigwi, anabebwa polepole kurudishwa. Mtoto ajue kwamba si yeye peke yake aliyempenda mnyama huyu, na kwamba waliompenda kabla yake ni Waafrika.

Mkulima_Kisarawe

Wakuu, uzi huu umenigusa. Huku shambani wakati wa mvua tunaokota watoto wa chatu. Naweza kumfuga mmoja kwa maelezo haya haya?

Pwani_Watamu

Hapana ndugu yangu, mwache. Huyo wa kwetu ni mwingine, anaweza kupita mita 4, na mtu mmoja hamwezi. Pia Tanzania mnyamapori ni mali ya taifa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kumweka bila kibali ni kesi, na hapa Kenya ni vivyo hivyo kwa sheria ya 2013. Mimi naishi jirani na shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa 1980. Wale wanaitwa majumbani kuwaondoa nyoka bila kuwaua. Kwenu piga simu ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Na anayekula panya wa ghala lako anakusaidia, hata asipokuwa kwenye tanki.

MamaWatatu_Ohio

Wapendwa, nimerudi. Zimepita siku 11.

Siku tatu za kwanza Kitenge hatukumwona kabisa. Mwanangu alikuwa ananiuliza kama yu hai, nami sikuwa na jibu, ila nilimwambia Toronto amesema tungoje. Alikuwa anarudi shule, anasoma vipimo bila kufungua tanki, anaandika kwenye daftari: joto, unyevu, yuko ficho lipi. Siku ya tano kusukuma kioo kulikwisha. Siku ya sita alimwona usiku ametoa kichwa tu mlangoni, kimya, anatazama nje.

Siku ya nane tulijaribu kipanya kidogo kilichoyeyushwa, akakataa. Nilitaka kumpa aliye hai, nikamwandikia Toronto pembeni, akanikataza: panya hai akiachwa humo humtafuna nyoka. Akasema kipanya chetu kilikuwa kimepoa. Chatu ana vitundu mdomoni vya kuhisi joto, kisicho na joto kwake ni kama jiwe.

Jana saa tatu usiku tukazima taa za chumba. Mwanangu akakiweka kipanya kwenye maji ya moto ndani ya mfuko, si kwenye maikrowevu, akakikausha, akakishika kwa koleo ndefu, akakitikisa kidogo mbele ya mlango wa ficho. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika mdomo. Dakika nne nzima hakuna kitu. Halafu shingo ikajikunja kama herufi ya S, na kabla sijaelewa, amekwisha kukidaka na kujizungusha. Mtoto hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume hadi kwangu akaninong'oneza, "Mama, usimsumbue, anakula."

Leo ananiuliza lini anaweza kumshika.

Kaka_wa_Toronto

Alhamdulillahi! Mpe hongera huyo kijana, lile daftari aliendeleze. Asimshike kwa saa 48 angalau, akisumbuliwa anaweza kutapika. Ningekuwa mimi ningengoja ale mara tatu mfululizo, kila baada ya siku saba hadi kumi, ndipo nianze: dakika tano tu, mara mbili kwa wiki, amnyanyue kutokea ubavuni, asimjie kwa juu. Panya mkubwa mtahamia polepole baadaye.

Na mjiandae kwa safari ndefu. Chatu wa aina hii kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis alitaga mayai mwaka 2020 akiwa anakadiriwa kupita miaka 60.

Bibi_Muheza

Miaka 60! Basi huyo atawaona wajukuu wako. Mwanangu, nitumie picha ya mtoto na Kitenge wake siku atakayomshika. Nitaitazama.