Kujitolea Ujerumani mwaka mmoja, kuna aliyeenda?

kijana_wa_moshi: Habari wakuu, nina diploma ya ustawi wa jamii, miaka 25, nipo tu nyumbani. Nimesikia unaweza kwenda Ujerumani kujitolea kwenye nyumba za wazee, wanaita FSJ au BFD, ni mipango miwili ya kujitolea ya huko. Kuna dalali anataka milioni mbili anitafutie nafasi, ni kweli au napigwa?

mzee_wa_kahawa: Ipo kweli ila hapo kwa dalali ndo unapigwa dogo. FSJ ni chini ya miaka 27, BFD ilianza 2011 na haina kikomo cha umri. Unawaandikia wenyewe wenye hizo nyumba za wazee, wakikukubali unapewa mkataba unaenda nao ubalozini kuomba viza.

dada_wa_tanga: Mie nimekaa huko mwaka mzima. Usidhani ni kupiga picha na watoto kama wanavyofanya wazungu wakija kwetu 😂 saa moja asubuhi unamvalisha bibi zile soksi za kubana miguu, unavuta mpaka jasho linakutoka na yeye anakusahihisha Kijerumani neno lilelile kila siku, nilimpenda huyo bibi jamani. Mshahara hakuna, ni hela ya mfukoni, ila bima wanalipa wao na mie nilipewa chumba. Kuna na siku 25 za semina.

kijana_wa_moshi: Duh asante dada, dalali nshamblock. Lugha ulijifunzia wapi?

dada_wa_tanga: Nilianzia Goethe pale Dar, wanafundisha Kijerumani. Anza sasa hivi, usisubiri mkataba.