Nywele ndefu chini ya kilemba cha Kalasinga: kusokota, kusuka au kufunga na mpira?

MamaWatatu (Nairobi)
Habari zenu wapendwa, naomba msaada. Mume wangu ni Kalasinga, mimi ni Mluhya, kijana wetu wa kwanza ana miaka 12 na nywele zinamfika kiunoni. Tangu utotoni anavaa patka, kile kitambaa kidogo cha kufunga na kamba, sasa anataka kilemba kamili kama cha babake. Baba anafanya kazi mbali anarudi mwisho wa mwezi, kwa hivyo asubuhi tunabaki mimi na yeye na saa ya ukutani. Kilemba chenyewe nimeshakielewa, tunafunga mwisho mmoja kwa kitasa cha mlango tunavuta tunakunja mpaka kitambaa kinalala vizuri. Kinachonishinda ni fundo la nywele, joora. Nimejaribu tatu. Kusokota: linakaa vizuri, saa nne limelegea kilemba kimeinama. Mpira wa nywele: halitoki kabisa lakini mtoto analia kichwa kinamuuma, na mpira ukitoka unatoka na nywele. Kusuka: halimuumi ila linakuwa nene, kilemba kinafanya nundu. Nyinyi mnatumia gani?

Anko_wa_Kisumu
Mama, hongera kwa kumsimamia kijana. Usitupe kusokota, naona shida ni vile mnasokota. Ainame kabisa, nywele zote zianguke mbele ya uso, uchane kutoka kisogoni kuja mbele na kangha (kitana cha mbao, si kanga yenu ya kujifunga), halafu akiwa bado ameinama akusanye zote pale utosini kwa mkono mmoja. Watu wengi wanasimama wima ndio waanze kukusanya, sasa zile za kisogoni zinabaki zimelegea na ndizo zinashusha fundo saa nne. Baada ya hapo sokota kama unasokota kamba ya katani, sokota mpaka zianze kujikunja zenyewe, zikishajikunja usizilazimishe, zifuate upande zinaotaka kwenda, zungusha kwa shina, ncha ipite chini ya duara. Halafu chomeka kangha ndogo ndani ya fundo, hapo ndipo mahali pake tangu zamani na inashika kweli. Fundo linashikwa na msokoto wa nywele zenyewe. Ukiona ngozi ya paji imevutika mpaka nyusi zimepanda, umekosea, fungua uanze upya.

msusi_kkoo (Dar)
Shikamoo Anko, umesema jambo zito hapo mwisho. Mimi si Singasinga, mimi nasuka watu Kariakoo mwaka wa 15 huu, ila mambo ya ngozi kuvutwa nayajua vizuri sana kwa sababu nayaona kila wiki, wadada wanakuja nywele za mbele zimerudi nyuma, ukimuuliza anakwambia alisukwa kwa kukazwa miaka na miaka. Madaktari wameshayaona hayohayo kwa wanaume Masingasinga wanaokaza fundo na kilemba tangu wadogo. Mama Watatu nakuomba ule mpira uutoe leo. Kama anapenda msuko basi msuko mmoja tu wa mikono mitatu, uanzie mbali kidogo na ngozi, usiubane kwenye shina, halafu uuzungushe ulale kama mkeka na usiupandishe kama mnara, nundu itaisha. Na asifunge nywele mbichi jamani. Ndani ya kilemba hakuna hewa, zinakaa na maji mchana kutwa, harufu, mba, kuwashwa, na nywele yenye maji inavutika halafu inakatika.

pagri_leicester
Nakubaliana na wote wawili ila hamjauliza anafunga kilemba gani, na hilo linabadilisha kila kitu. Huku Leicester kuna wazee wengi waliotoka Kenya na Uganda miaka ya 60 na 70, na namna yao ya kufunga hata vijana waliozaliwa hapa wanaiita ya Kenya, yenye stachi, imekaza, kona ya mbele kali. Hiyo haitaki fundo refu hata kidogo. Mimi nasuka, nazungusha bapa, naliweka mbele kidogo ya utosi, likirudi nyuma kilemba kizima kinavutwa kisogoni na paji linabaki wazi. Ila nikifunga dumala, ile ya duara, nasokota kama Anko na fundo nalisimamisha katikati kwa sababu kitambaa kinalizunguka lenyewe. Kwa hiyo Mama, usokote au usuke kulingana na kilemba. Na chini ya kilemba weka fifti, kitambaa chembamba kinachoonekana kidogo kwa paji, kinashika nywele ndogo zote.

Defenda_No4 (Nairobi)
Mimi nacheza hoki so nina kesi tofauti kidogo. Uwanjani natumia patka, nimekua nikisikia hadithi za Avtar Singh Sohal aliyekuwa kapteni wa Kenya kwa Olimpiki ya 1964, 1968 na 1972, na kwa kriketi Harbhajan Singh wa India alikuwa anarusha mpira na patka hivyohivyo, kwa hivyo kijana asiione kama kitu ya watoto. Siku za PE mwachie patka. Mpira wa nywele natumia dakika 60 za mechi tu, ule laini wa kitambaa, narudi nyumbani nautoa.

MamaWatatu (Nairobi)
Nimerudi na habari. Juzi tulimwinamisha kama Anko alivyosema, akachana mwenyewe, akasokota mwenyewe, mimi nikashika kioo tu. Anafunga kama babake, ile ya kona, kwa hivyo jana tukajaribu msuko bapa wa Leicester. Zote zimefika saa tisa bila kuinama! Yeye amechagua msuko kwa sababu anasema hasikii kitu kichwani, na nundu haipo. Mpira nimetupa. Kitu kimoja tu kimebaki, zile nywele fupi za shingoni zinachungulia nje.

Anko_wa_Kisumu
Hizo mpake mafuta ya nazi kidogo sana kwa ncha ya kidole, zilale kwanza. Kilemba kikishakaa chukua salai, ile sindano ndefu ya chuma isiyo kali, uzisukume ndani polepole kutoka chini kwenda juu, kwanza nyuma ya masikio, halafu shingo. Mnunulie yake mwenyewe akae nayo kwa begi ya shule.

MamaWatatu (Nairobi)
Asante Anko. Ya babake iko kwa droo, nampa hiyo leo jioni.