Nani apige wa kwanza: mwenye mbio au mwenye subira?

Mtoa mada

Wagosi na dada zangu, wakubwa shikamooni. Tangu Jumamosi iliyopita sisi wa timu ya vijana ya besiboli hatuelewani juu ya nani aanze kupiga, na mechi ya marudiano inakaribia. Naomba tuliseme jambo hili waziwazi.

Waliokuwepo uwanja wa Tangamano, hapa Tanga, waliona. Tumefungwa 6 kwa 5. Zamu ya saba ya timu kupiga, ya mwisho, tuna auti mbili (wawili wameshatolewa, wa tatu akitoka zamu inaisha) na mwenzetu yuko besi ya pili. Mpigaji wetu wa tatu akaukosa mpira, mechi ikaisha. Nyuma yake, rungu mkononi, alikuwa amesimama kijana anayepiga kuliko wenzake wote. Ni wa nne kwenye orodha ya kupiga. Hakufikiwa.

Usiku nikafungua daftari la alama. Upande wetu watu walisimama kupiga mara 30. Orodha ina watu 9, kwa hiyo ilizunguka mara tatu kamili, wakabaki watatu. Hao watatu wa mwanzo walipiga mara nne. Wengine wote, jembe letu likiwemo, mara tatu. Aliyeanza ni kijana wetu mwenye mbio, na katika mara zake nne alifika besi mara moja tu. Wa tisa ni yule mdogo mkimya asiyerusha rungu kwa mpira mbovu. Alisimama mara tatu na zote tatu alifika: mbili kwa kupewa besi ya bure baada ya mipira minne mibaya, moja kwa kuupiga mpira wa chini ukapenya.

Nasema hivi: wa kwanza awe yule anayefika besi, hata kama mbio zake ni za kawaida. Na mpigaji bora awe wa pili, asiwekwe wa nne kwa mazoea.

Mechi inaweza kukatikia kwa mpigaji yeyote. Kila ngazi unayomshusha mtu kwenye orodha, unampunguzia karibu nafasi moja katika kila mechi tisa. Kwenye ligi kuu ya Marekani, ambako timu hucheza mechi 162 kwa msimu, ngazi moja ni kama mara 18. Ndiyo maana mwaka 2023 timu ya Philadelphia ilimwanzisha Kyle Schwarber, mtu mzito asiye na mbio, ambaye wastani wake wa kupiga ulikuwa .197 tu, yaani chini kidogo ya mapigo mawili yaliyofanikiwa katika kila kumi. Ukiishia kwenye wastani huo utaona kocha kakosea. Lakini mwaka huohuo alipewa besi za bure 126 na akautoa mpira nje ya uwanja mara 47. Mwaka uliofuata Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers alipanda kuwa wa kwanza baada ya Mookie Betts kuumia. Alimaliza msimu na mipira 54 nje ya uwanja na besi 59 za kuiba, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe.

Kwa wasiofuata besiboli, kumbukeni fainali ya Afrika ya Februari 2022 pale Yaoundé. Mohamed Salah aliwekewa penalti ya tano. Senegal wakamaliza kazi 4 kwa 2 kabla zamu yake haijafika. Cristiano Ronaldo yalimkuta hayohayo na Ureno mbele ya Hispania mwaka 2012. Silaha yako kubwa unaiweka mwisho, halafu vita inaisha ikiwa bado imefungwa kwenye kitambaa.

Mzee wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Daftari lako nimelisikia, sasa na mimi nisikilize.

Nafasi ya nne haikuwekwa na wajinga. Mwaka 1929 New York Yankees waliwapa wachezaji wao namba za mgongoni kwa kufuata zamu ya kupiga. Babe Ruth akavaa 3 kwa sababu alipiga wa tatu, Lou Gehrig akavaa 4 kwa sababu alipiga wa nne. Lile pigo kubwa lina faida gani kama besi zote ni tupu? Linaleta pointi moja. Wakiwepo wenzake watatu mbele yake, linaleta nne. Lazima kwanza watangulie watu besini, wa kukomboa wafunge pointi.

Tumekua tukisikiliza taarabu hapa Tanga, enzi za Black Star na Lucky Star. Hakuna kundi lililofungua usiku kwa wimbo wake mzito. Unaanza taratibu, ukumbi ujae, watu watulie, ndipo unashusha ule wenyewe.

Mtoa mada

Mzee wangu, mfano wa taarabu ni mzuri, ila ukumbi wa taarabu hauanzi upya baada ya nyimbo tisa. Orodha yetu inazunguka. Zamu ya kwanza tu ndiyo yenye uhakika wa kuanza na mtu wa kwanza. Zamu ya pili inaweza kuanza na wa tano, ya tatu na wa nane. Jembe likiwa la pili, mbele yake katika mzunguko wa pili wanakuwa wa nane, wa tisa na wa kwanza. Nikimtoa yule mdogo mkimya mkiani na kumweka kwanza, tayari kuna mtu wa kukombolewa.

Nakubali jambo moja: katika zamu ya kwanza, wa pili atakutana na besi tupu mara nyingi kuliko wa nne. Hiyo ni gharama halisi. Naona inalipwa na zile nafasi za ziada.

Dada wa Chumbageni

Nilikuwa mtupaji kwa miaka miwili, naongea kutoka pale kwenye kilima. Mwenye mbio hakunitisha. Anataka kupiga kila kitu, nikimtupia mpira wa nje kidogo anaufuata mwenyewe. Aliyenitoa jasho ni yule anayesimama tu anaangalia. Mipira mitatu mibaya, mkono unaanza kukaza, wazazi wanapiga kelele, wa nne unautupa katikati pole pole ili tu uwe halali, na hapo ndipo unapopigwa. Au hupigwi, unampa besi ya bure na heshima yako juu.

Watupaji wetu wa umri huu bado hawana shabaha. Kijana mwenye subira ana thamani Tanga kuliko aliyonayo Marekani. Na wenzake waache kumwita mwoga.

Kocha wa Pongwe

Hapa nawapinga wote, kwa sababu mnaongelea ligi za watu wenye wadakaji wa kweli, wale wanaokaa nyuma ya mpigaji. Kwetu mdakaji gani anaweza kuurusha mpira hadi besi ya pili ukafika kwa wakati? Mimi simjui. Mtoto mwenye mbio akifika besi ya kwanza, mtupaji akiinua mkono tu, yeye kashaondoka. Baada ya mipira miwili yuko ya tatu. Besi yake moja ni sawa na tatu. Huyo mkimya wenu akifika ya kwanza anakaa hapohapo mpaka abebwe.

Ndiyo maana ya Rickey Henderson. Besi 1,406 za kuiba, hakuna aliyemkaribia. Alikuwa wa kwanza kwenye orodha kwa sababu ya miguu.

Mtoa mada

Kaka, hoja hii ndiyo nzito kuliko zote na imenisumbua. Ni kweli wadakaji wetu ni dhaifu, na mbio zina bei kubwa zaidi huku kwetu.

Lakini mtazame Henderson mzima. Alipewa besi za bure 2,190. Alikuwa na subira kwanza, miguu ikafuata. Besi ya kwanza haiibwi, lazima uifikie. Kijana wetu alifika mara moja kati ya nne, na hizo tatu nyingine mbio zake zilirudi naye benchi.

Mzazi, Bombo

Mimi sijui hesabu zenu. Mwanangu ni wa nane kila wiki. Hawa ni watoto wa shule, wanajifunza. Nani kasema mkia ni wa mtu mmoja milele?

Mtoa mada

Mama, umesema kweli. Orodha ikishakabidhiwa kwa mwamuzi haipanguliki, anayepiga nje ya zamu anaisababishia timu auti wapinzani wakilalamika. Ila kati ya mechi na mechi hakuna kinachotuzuia. Kuanzia nafasi ya tano hadi ya nane tuzungushe kila wiki. Tofauti kati ya orodha nzuri na nzuri zaidi si kubwa kiasi cha kumfanya mtoto ajione hafai.

Na kwa kocha wa Pongwe nina pendekezo. Mwaka 1998 Tony La Russa wa St. Louis alimpandisha mtupaji wake, mpigaji dhaifu, kutoka nafasi ya tisa hadi ya nane. Alitaka wa tisa awe mtu wa kufika besi kabla ya zamu ya Mark McGwire, aliyekuwa wa tatu. Wa tisa ni jirani wa wa kwanza. Basi mwenye mbio apige wa tisa. Akifika, ataiba besi zake, na nyuma yake anakuja mkimya, kisha jembe.

Kocha wa Pongwe

Hilo naweza kulikubali kwa mechi moja, tulione. Ila kijana mwenyewe ataona kashushwa. Amekuwa wa kwanza tangu timu ianze. Nani atamwambia?

Mtoa mada

Nitamwambia mimi, Ijumaa baada ya alasiri, kabla wenzake hawajafika mazoezini. Nitaenda na daftari, nimwonyeshe mzunguko ulivyo, na nitamsikiliza. Akiniambia jambo ambalo sijaliona, nitarudi hapa kulisema.