Fundi mnayemjua wote: kapima tapeti za Subaru STI kwa WEMBE, halafu eti mimi ndiye mwenye roho ya Vitz

Boxer_Temeke:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule fundi mnamjua. Ovaroli la bluu, simu mbili, kila gari "ameshazifungua kumi". Jina sitaji, halina haja.

Nimempelekea STI yangu, injini EJ207, tapeti (vile vikombe juu ya valvu) zinalia asubuhi. Nimetoka kwenye foleni ya Mandela, injini inafuka kama sufuria la pilau, yeye huyo anafungua kava za valvu. Nasema fundi, si tusubiri ipoe? Kimya. Naangaza fila geji, ile ya kupimia gepu, iko wapi. Katia mkono mfuko wa shati, katoa WEMBE. Wa kunyolea ndevu. Kaufuta kwenye suruali, kauchomeka kati ya kamu, inayosukuma valvu, na baketi, ndiyo tapeti yenyewe, kafumba macho kama mkunga anayesikiliza mtoto tumboni.

Nikamwambia kwa adabu kabisa: fundi, hii gepu la valvu za inleti, za kuingiza hewa, ni milimita 0.20, za ekzosi, za kutoa moshi, 0.35, na inapimwa ikiwa ya baridi. Ndipo akageuka. Kijiwe kizima kinasikia, mama ntilie kasimamisha mwiko: "Bosi, una gari la turbo na roho ya Vitz."

Roho. Ya. Vitz. Muuza karanga kacheka mpaka kamwaga karanga.

Halafu 180,000 "ya kukaza tapeti". Kukaza nini? Hedi ile haina skrubu wala nati za tapeti! Gepu likikosea unang'oa kamshafti, ile shafti yenye kamu, unaweka baketi ya unene mwingine. Sasa dakika ishirini na spana namba 10 alikuwa anakaza nini mle? Lakini hela nimesamehe. Roho ya Vitz sisamehi.

MzeeWaSpea:
Wembe mmoja ni kama 0.10. Nyembe mbili 0.20. Fundi yuko sahihi, wewe ndiye ulikimbia hesabu.

Boxer_Temeke:
Alikuwa nao MMOJA. Na ekzosi je, nyembe tatu na nusu? Hiyo nusu anaikata na nini?

Kamshafti_1:
Mzee acha utani. Chuma cha moto kimetanuka, kipimo chote hapo ni uongo. Gepu la ekzosi likibana, valvu haikai vizuri kwenye siti, na pale kwenye siti ndipo inapotolea joto lake. Isipokaa inaungua, kompresheni kwaheri. Tapeti inayolia inasumbua masikio tu, iogope iliyonyamaza. Ya kwako inalia?

Boxer_Temeke:
Imenyamaza.

Kamshafti_1:
Pole sana mkuu.

MzeeWaSpea:
Si amesema hakuna cha kukaza? Basi imenyamaza kwa sababu ni ya moto. Asubuhi utaisikia, na utamkumbuka.

dada_gia:
Ndiyo maana mie Honda. Injini B16, tapeti za skrubu na nati, inleti 0.15 hadi 0.19, ekzosi 0.17 hadi 0.21, namaliza mwenyewe uani. Nyie endeleeni na hizo silinda zilizolala ubavu kama wagonjwa.

Levin_Nairobi:
Afadhali wembe. Huku Nairobi nilipeleka Toyota yenye injini 4A-GE. Shimu, vile visahani vya kurekebisha gepu, ziko juu ya baketi, unabonyeza baketi na kifaa chake, unachomoa shimu na sumaku, kamshafti haiguswi. Jamaa akang'oa kamshafti zote mbili, shimu 16 akazimwaga kwa sufuria moja ati "zote ni saizi moja". Saizi moja! Nilisukuma gari Thika Road mpaka karao akanihurumia.

Boxer_Temeke:
Pole, lakini wewe uliambiwa una roho ya Vitz mbele ya watu?

VitzNyeupe:
Samahani jamani. Vitz imewakosea nini?

Boxer_Temeke:
Mkuu, siyo wewe.

VitzNyeupe:
Roho ya Vitz ni kuwaka asubuhi, kwenda kazini, kurudi nyumbani. Sasa mwenye shida hapa ni nani?

dada_gia:
😂😂 Mwacheni apumue.

MzeeWaSpea:
Kwani mjini lita moja inakwenda kilomita ngapi?

VitzNyeupe:
Kwenye foleni napata 14, barabara kuu 18. Na ninayo nyingine nauza, ya 2003, cc 997, injini haijawahi kufunguliwa.

Boxer_Temeke:
Bei gani?